Chupa Mbili za Udongo wa Gasorwe

Gaudensia alikuwa amepiga jembe mara ya pili tu, upande wa chini wa shamba, pale Marceline alipopiga yowe. Lilikuwa yowe la mwizi, na watu waliitika. Walitoka kwenye migomba, walitoka bondeni walikokuwa wakipalilia maharage, na wengine, sijui waliacha kazi gani, walifika wakiwa na kijiko mkononi. Walimkuta binti wa kidato cha tatu amechuchumaa, mikono imejaa udongo mweusi, mbele yake kumesimama chupa mbili za plastiki. Moja ilikuwa imeshajaa. Nyingine ilikuwa nusu.

"We mutoto!" Marceline alisema huku anahema. "Udongo yetu unapeleka wapi?"

"Shikamoo, mama. Ni wa shule."

Kicheko kikawapitia waliokusanyika. Huku Gasorwe, Burundi, hakuna anayetoa shikamoo isipokuwa wale waliorudi kutoka ukimbizini Tanzania, na maskini binti wa watu alikuwa amejitambulisha upya bila kuulizwa.

"Ya shule? Shule inakulaka udongo? Yampaye inka we," aliapa kwa Kirundi, "mi nimezeeka, sijasikia ile!"

Gaudensia alieleza, lakini alieleza haraka, na mtu akieleza haraka huonekana mwongo. Alisoma Gitega, katika shule ya masista. Mwalimu wao wa sayansi, sista waliyemwita Masera Christina, hakupenda wanafunzi wa kunakili ubaoni. Muhula uliopita aliwafanya watengeneze mizani kwa mianzi na kichujio cha maji kwa mchanga na makaa. Safari hii aliwatuma wakirudi kutoka likizo ya Pasaka kila mmoja aje na udongo wa shamba la kwao, wauchanganye na maji kwenye chupa, wauache utulie, wasome tabaka zake. Walipangwa wawili wawili kufuata tarafa zao. Mwenzake wa Gasorwe alikuwa Elyse, binti wa Marceline huyuhuyu aliyekuwa akipiga kelele. Elyse hakurudi nyumbani, alibaki Gitega mtaani Musinzira kumuuguza shangazi yake. Ndiye aliyemwambia: nichukulie na wa kwetu.

"Elyse njo alikutuma?" Marceline aliuliza. "Elyse iko Musinzira. Nani atashuhudia?"

Hakukuwa na wa kushuhudia. Na kosa halikuwa udongo peke yake. Gaudensia alikuwa amechimba palepale kwenye mpaka, mpaka ambao ulikuwa bado haujapandwa miti. Huku mpaka wa namna hiyo hauguswi kwa jembe, hata kwa mzaha, hata na mtoto. Kila mtu kilimani alilijua hilo tangu anyonye. Gaudensia alizaliwa Ngara, Tanzania, na hakuna aliyewahi kumwambia.

*

Longino, mume wa Marceline, hakungoja jioni. Alifika uani kwa Yakobo, baba yake Gaudensia, akiwa amevaa koti, jua kali hivyo, ili ijulikane kuwa amekuja kwa jambo rasmi. Yakobo alimtolea kigoda. Longino alikitazama, hakukikalia.

Kirundi cha Yakobo kilikuwa cha kugongagonga, na Longino alilijua hilo. Kwa hiyo kila mara walipokuwa na watu, alimsemesha Kiswahili kwa sauti ya juu, ili majirani wasikie nani ni mgeni hapa. Siku hiyo alipaza zaidi.

"Yakobo, mi nilikufanyia nini? Hii shamba nililima miaka yote ile, commune njo ilinipatia. Mukarudi, mukasema ni ya baba yako. Bon. Sikubishana. Nikasema tukate nusu kwa nusu. Donc samedi tunapanda mipaka, tunakunywa, tunakuwa majirani. Sasa unatuma mutoto wako anatwala udongo yangu mu chupa?"

"Kaka Longino, nakuomba ukae kwanza."

"Sikai. Banasema munapeleka kwa mganga kule Tanzania, ardhi ianze kunikataa."

"Mungu ni shahidi yangu, hakuna kitu kama hicho. Sisi ni watu wa kanisa."

"Hata mi niko mutu wa kanisa," alisema Longino. "Mais samedi sikunywi na mutu ambaye udongo yangu iko kwake."

Akageuka akaenda. Yakobo alibaki amekishika kile kigoda, hajui akirudishe ndani au akiache.

Mkewe Efrazia alikuwa jikoni anakoroga mtama uliokuwa unachachuka kwa ajili ya pombe ya Jumamosi, hiyo samedi ya Longino. Alikuwa amesikia kila neno. Naye alijua, kama mumewe alivyojua, kwamba pombe ile ndiyo iliyokuwa inashikilia nyumba yao. Maana makubaliano ya kugawana yalikuwa bado ni maneno matupu. Yangekuwa kitu siku bashingantahe, wale wazee wanaoamua kesi za kilimani, watakaposimama shambani, wapande miti ya miyenzi kwenye mstari, na pande zote mbili zinywe chungu kimoja. Longino akikataa kunywa, hakuna mpaka. Mpaka usipokuwepo, kesi inaanza upya, na wakati kesi inasikilizwa aliyerudi ndiye anayeondoka shambani. Waliona ilivyowatokea wengine. Hao waliishia kupanga chumba Muyinga mjini, wanawake wakibeba mchanga kwa wajenzi.

"Kwa nini hukuniuliza?" Yakobo alimgeukia binti yake. Sauti ilikuwa ya chini, na hiyo ilimtisha Gaudensia kuliko kama angefoka.

"Ulikuwa umeenda Muyinga, baba. Na mama alikuwa kisimani. Nikaona ni udongo tu."

"Udongo tu! Mimi nimerudi kwa sababu ya nini? Nimekuja kutafuta dhahabu hapa?"

"Mwache mtoto," Efrazia alisema toka jikoni. "Tumemfundisha kusali, tumemfundisha kuosha vyombo. Mambo ya hapa hata sisi tunajifunza kwa kugongwa kichwa."

"Basi amwage hizo chupa sasa hivi."

"Ukizimwaga sasa watasema tumeshatumia," alisema mkewe. Yakobo akaziacha palepale, kwa kuwa mkewe alikuwa amesema kweli.

Walijaribu kumpata Elyse. Yakobo alimtuma mtu kwa Longino kuomba namba ya yule shangazi wa Musinzira, wakampa kwa kumtupia. Simu haikupatikana. Yakobo alipiga tena na tena, akapanda hadi juu ya kilima kutafuta mtandao, akasimama huko ameinua simu juu ya kichwa huku watoto wa watu wakimcheka. Simu haikupatikana.

*

Ijumaa Efrazia alikwenda kisimani. Wanawake walikuwa wanapiga soga. Alipofika, soga ilikatika. Hakuna aliyemtukana, na pengine angefurahi kutukanwa, maana tusi lina jibu. Walimpisha tu. Waliinua madumu yao na kumwachia bomba lote, hata yule aliyekuwa hajajaza. Alikinga maji peke yake, na maji ya pale hutoka polepole. Mwanamke mmoja wa jumuiya yao ya sala, ambaye Pasaka walikula sahani moja, alikuwa anaangalia miguu yake mwenyewe mpaka Efrazia alipotoweka njiani.

Alipofika nyumbani alikuta Dominiko amekaa kwenye kile kigoda. Dominiko alikuwa mmoja wa bashingantahe. Alikuwa mtu wa tumbo bovu aliyechukia kesi zenye kelele, na hii ilikuwa na kelele.

"Tumeongea na Longino," alisema. "Ilikuwa kazi. Anakubali mukutano, mais kwa masharti. Kesho mutoto alete zile chupa mu shamba. Afanye mbele ya batu kile angefanya ku shule. Kama ni dawa, tutaona. Kama ni masomo, tutaona."

"Na akishafanya?" aliuliza Yakobo.

"Longino akiridhika, tunapanda miyenzi. Asiporidhika..." Dominiko alijishika tumbo. "Mi nitakuwa nimefanya yangu."

Alipoondoka, Gaudensia alisema itachukua muda kidogo tu. Unatia maji, unatikisa, unaweka chini. Mchanga unashuka kwanza, kisha udongo laini, na kilichooza kinaelea au kinakaa juu. Aliposema hivyo uso wake uling'aa kidogo, maana alilipenda somo lile. Baba yake hakung'aa. Alikuwa anafikiri juu ya shamba.

Shamba lile lilikuwa la mteremko. Kina Yakobo walikuwa wamepewa nusu ya juu, kwenye mawe, ambako kila mvua ikinyesha inaosha. Longino alibaki na nusu ya chini, inakoishia rutuba yote iliyooshwa juu. Kilimani hakuna asiyejua maana yake. Siku ya kugawana, Longino alisimama akasema zote ni sawa, wazee wakaitikia zote ni sawa, na Yakobo, kwa kuchoka na kwa hofu ya kuondoshwa, akasema ahsante. Tangu siku hiyo hakuna aliyewahi kulitamka tena. Sasa binti yake angeliweka ndani ya chupa inayopenyeza mwanga, mbele ya kilima kizima.

"Mwanangu," alisema. "Hizo chupa zitaonyesha nini?"

"Zitaonyesha zilivyo, baba."

Hakumwambia zaidi. Angemwambia nini? Adanganye? Alikuwa amemlipia masomo ya masista ili asiwe mtu wa kudanganya.

*

Jumamosi watu walikuwa wengi kuliko wanaokuja kwenye ubatizo. Mawingu yalikuwa yamekaa upande wa Tanzania na kila mtu alikuwa na jicho moja huko. Miche ya miyenzi ilikuwa imelazwa kwenye nyasi, imekatwa asubuhi, inatoa utomvu mweupe. Chungu cha impeke, ile pombe ya mtama, kilikuwa kivulini, kimefunikwa kwa jani la mgomba, na Efrazia alisimama karibu nacho utadhani kuna mtu atakiiba.

Gaudensia alikuwa amevaa sare ya shule. Mama yake ndiye aliyemvalisha. Alitia maji katika chupa ya kwanza, ya upande wa juu. Akatia katika ya pili, ya chini. Akaziba, akatikisa zote mbili mpaka mikono ikamuuma, akaziweka juu ya benchi lililoazimwa kanisani. Yalikuwa matope matupu.

"Tusubiri," alisema.

"Tusubiri nini?" aliuliza Longino.

"Yatulie."

Wakasubiri. Wanaume wazima, waliozika watu na kuamua kesi za damu, walikaa kwenye nyasi wakitazama matope. Mtu alikohoa, akaangaliwa. Marceline alijipiga ishara ya msalaba. Yakobo alisimama nyuma ya binti yake, amekunja kofia mikononi, anaomba kimoyomoyo ombi la ajabu sana: Bwana, matope haya yasitulie.

Lakini yalitulia. Katika chupa ya kwanza changarawe ilishuka mara moja, ikafuatwa na mchanga, mwingi, wa rangi ya matofali, na juu yake pakatokea utepe mwembamba mweusi, mwembamba kama uzi wa kushonea. Katika chupa ya pili mchanga ulikuwa kidogo tu chini. Juu yake kulikaa tabaka nene la udongo mweusi, na maji yalibaki na rangi ya chai.

Zuberi mchuuzi wa mbuzi, ambaye alikuwa anapita tu na hakuwa na shamba wala adabu, aliinama akachungulia.

"Mais hii ya juu," alisema, "si iko changarawe tupu?"

Hakuna aliyecheka. Longino alikuwa amesogea karibu na benchi. Alizitazama zile chupa, akamtazama Dominiko, akazitazama tena. Shingo yake ilikuwa imevimba mshipa. Yakobo aliuona ule mshipa. Alielewa kwamba mambo ya mganga yalikuwa yamekwisha palepale, hakuna aliyeyakumbuka. Kilichobaki kilikuwa kibaya zaidi. Mtu aliyekuwa amegawa kwa ukarimu wake alikuwa karibu kuitwa mwizi mbele ya watu wake, na mtu huyo asingekunywa, asingepanda, angeenda mahakamani hata kwa kuuza ng'ombe.

"Mutoto," Dominiko alisema taratibu, "chupa inasema nini?"

Gaudensia aligeuka akamtazama baba yake. Yakobo akasema, "Sema unachojua, mwanangu," na macho yake yalikuwa yanamsihi vingine kabisa. Binti aliyaona. Alikuwa na miaka kumi na sita, na siku ile alijifunza kwamba baba anaweza kuogopa.

"Bado," alisema. "Udongo haujamaliza kutulia. Inatakiwa mpaka kesho. Na jibu lenyewe anajua Masera."

Watu walishusha pumzi. Ilikuwa kweli kidogo. Ule ulio laini kabisa huchukua siku nzima. Longino ndiye aliyelidaka neno lake.

"Ehe! Haijatulia. Mumesikia? Basi imwagwe. Ni masomo, nimeona, sina kinyongo. Mais udongo yangu haitoki mu kilima yangu. Imwagwe, tupande, tunywe."

"Lakini ni kazi ya shule," Gaudensia alisema. "Nina maksi..."

"Mwaga," alisema Yakobo.

Akamwaga. Wa juu aliumwaga juu, wa chini akaumwaga chini, akizikung'uta chupa mpaka tone la mwisho kwa kuwa Marceline alisimama karibu anachungulia ndani. Kisha miyenzi ikapandwa mmoja baada ya mwingine mpaka bondeni, Longino akiushika mche na Yakobo akifukia, halafu wakibadilishana. Efrazia aliondoa lile jani la mgomba. Walikaa wawili kwenye chungu kimoja, kila mtu na mrija wake, vichwa vimekaribiana hadi kofia zikagusana, na Longino alipoinuka akafuta mdomo akasema kwa Kirundi, si kwa Kiswahili, "Mubanyi." Jirani. Yakobo alilia mbele ya watu bila kuona haya, na Efrazia alikimbilia nyuma ya migomba kupiga vigelegele na kulia kwa pamoja. Walikuwa na kwao. Gaudensia alikuwa amekaa kwenye benchi la kanisa, chupa tupu mapajani. Alifurahi, na papo hapo alitamani kumpiga mtu.

*

Jumatatu, Gitega, kwenye dirisha refu la darasa la masista, chupa zilikuwa zimepangwa mstari na jua linazipita. Kila moja ilikuwa na karatasi yenye jina la tarafa. Kulikuwa na udongo mwekundu wa Giheta, wa kijivu wa Buraza, na mmoja uliokuja na nyungunyungu mzima ambaye wasichana walikuwa wanampigia kelele. Kati ya chupa hizo kulikuwa na nafasi tupu. Karatasi yake iliandikwa Gasorwe.

"Gasorwe wako wapi?" aliuliza Masera Christina kwa Kifaransa chake cha polepole.

Gaudensia alisimama. Elyse naye alisimama, pembeni yake, maana walikuwa kundi moja. Elyse alikuwa ameshasikia habari. Shangazi yake alipata simu jana yake, na Longino aliongea kwa furaha hadi salio likaisha.

"Zilimwagika, Masera."

"Zote mbili?"

"Zote mbili."

Masera hakuwa mtu mkali. Alivua miwani, akaipangusa. "Zilimwagika kabla hujazitikisa, au baada?"

"Baada."

"Basi uliziona." Akatabasamu. "Chupa zinapotea, macho yanabaki. Njoo ubaoni, utuchoree tabaka. Upande wa juu na upande wa chini. Ukituchorea vizuri nitawapa maksi zenu nyote wawili, na hatutazungumza tena juu ya kumwagika."

Gaudensia alikwenda. Alichukua chaki. Hakuwahi kuona kitu kwa uwazi kama alivyoziona zile chupa. Angeweza kuchora kila changarawe. Alijua hata maneno yake, mchanga, tope, mboji, na kwa nini mvua ilikuwa imehamisha kila kitu kizuri kutoka juu kwenda chini, miaka na miaka. Lilikuwa jibu zuri kuliko yote yaliyokuwa dirishani pale.

Aligeuka. Elyse alikuwa anamtazama, amefurahi, anasubiri shamba la kwao lichorwe. Na Jumapili ijayo shangazi angepiga simu nyumbani, Elyse angesimulia, na Longino angesikia.

Alichora chupa mbili. Ndani ya kila moja alichora mistari mitatu, kwa urefu uleule.

"Zilikuwa sawa, Masera."

"Sawa?" Masera alikaribia ubao. "Shamba la mteremko? Juu na chini sawa?"

"Sawa."

"Haiwezekani, mwanangu. Hakuna kilima cha namna hiyo Burundi nzima." Darasa likacheka. Masera alisubiri kicheko kiishe, akamtazama kwa huzuni, na ile huzuni ilimchoma Gaudensia kuliko kicheko. "Nilidhani wewe unaangalia. Kumbe hukuangalia. Kaa. Sifuri. Elyse, wewe hukuwepo, nitakupa kazi nyingine."

Alirudi kukaa. Masera akainua chupa ya Buraza kwenye mwanga. Elyse alisogea kwenye benchi, akamshika mkono chini ya meza, akamnong'oneza.

"Usilie. Masera hajue kwetu. Papa njo alisemaka vile, fasi zote iko sawa. Eti aliwapatia muzuri, hata batu balimushangaa."

"Ndiyo," alisema Gaudensia. "Alitupa pazuri. Tunamshukuru."

Akafungua daftari, akaanza kunakili ubaoni tabaka za udongo wa Buraza.